Sahihi ya Mzazi kwenye Karatasi ya Bwana Mdogo

Mwanangu Hezroni,

Nakuomba radhi kwa ukimya wangu wa wiki tatu. Si ukimya wa mtu aliye mbali, maana tumekuwa tukila chungu kimoja na kunawa katika karai moja. Lakini tangu jioni ile ulipoiweka karatasi ya Bwana Mdogo mezani ukasema, "Baba, soma, kisha utie sahihi hapa chini," sijakujibu neno. Umeniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilijifanya natafuta miwani. Mara ya pili nilitoka nje kwenda kutazama mbuzi, nawe unajua kwamba mbuzi hawajapata kunihusu. Mama yako ameniambia kwamba umeanza kudhani nimekukasirikia. Sikukukasirikia wewe. Nilijikasirikia mwenyewe, na hasira ya namna hiyo humchelewesha mtu.

Sasa ni alasiri, mvua imeanza kwa saa yake ile ile, nawe umekwenda Kedowa kuwaaga wajomba zako. Utarudi ukiwa umechoka, na kesho asubuhi utaondoka kwenda stesheni ya Lumbwa kupanda gari la moshi. Nimeona afadhali niandike. Nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti, nawe utanyamaza kwa adabu, kisha nitadhani kwamba adabu hiyo ni kukubali.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za viatu, wala za watu wa kuogopwa Nairobi. Mama yako amekwisha kuyasema hayo yote, tena mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mimi nitasema habari za karatasi.

Nimeisoma mara saba. Inasema kwamba wewe, pamoja na Bwana Mdogo, Mzungu msaidizi wa meneja wa kiwanda, mmevumbua kitanda cha kunyaushia majani ya chai, ambacho gunia lake limefungwa kwenye mti unaozunguka, ili mtu mmoja akizungusha mpini majani yote yaanguke kwa pamoja badala ya kukusanywa kwa mikono. Inaiomba serikali iandikishe hati ya uvumbuzi, ili kwa miaka mingi mtu mwingine yeyote katika Koloni hii asitengeneze kitanda cha namna hiyo bila ruhusa. Inasema kwamba haki yako yote unamkabidhi Bwana Mdogo. Na mwisho, juu kidogo ya mahali pa sahihi, inasema kwamba kitu hicho hakijapata kutengenezwa, wala kutumiwa, wala kuonekana na watu mahali popote nchini.

Lile neno "pamoja" limenichekesha, nami si mtu wa kucheka. Nilikuwapo siku uliyokimaliza kitanda kile huko ghorofani kiwandani. Bwana Mdogo alipanda ngazi, akasimama na kiko chake mdomoni, akauliza magunia yale yametoka stoo gani. Huo ndio mchango wake wote katika uvumbuzi. Kama kuuliza habari za magunia ni kuvumbua, basi karani wa stoo ni mvumbuzi mkubwa kuliko wote katika nchi hii.

Hujui kwamba nilikwenda kumwona. Nilikwenda Jumanne iliyopita, nikavua kofia, nikamwekea kidole kwenye yale maneno ya mwisho.

"Bwana," nikasema, "hapa pameandikwa kwamba hakijaonekana. Lakini mwanangu alikijenga kwanza nyumbani, cha kuanikia nafaka ya wimbi ya mama yake. Na ng'ambo ya mto ziko nyumba tatu zilizokwisha kukitengeneza."

"Ng'ambo wapi?"

"Rizavu, Bwana, kwenye ardhi waliyotengewa wenyeji."

Akacheka. "Ah, rizavu. Ile hapana hesabu, Zakayo. Ile nyumba ya nyasi tu. Sheria nasema kama watu naona. Veve najua, watu."

"Wale si watu, Bwana?"

"Veve seremala ama wakili?"

"Seremala, Bwana."

"Basi, seremala tia sahihi. Mtoto yako hapana toa karatasi, mimi hapana toa barua ya skuli. Juma ile nyingine, mimi nangoja yeye Lumbwa."

Ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili chake hicho ambacho amekaa nacho hapa miaka kumi bila kukisafisha, kama mtu anayevaa shati moja. Basi mambo yako wazi. Kesho stesheni atakuwa na barua yako ya shule ya ufundi katika mfuko mmoja, na mfuko wa pili ataufungua upokee karatasi. Barua hiyo ndiyo mlango wako. Wewe una miaka kumi na minane, na kwa hiyo karatasi haina nguvu bila mimi. Ndiyo sababu nilikwenda kutazama mbuzi.

Ulikuwa mtoto mdogo sana nilipojenga kinu cha maji pamoja na arap Mutai. Umesikia vipande vya habari hiyo kwa mama yako, na mama yako hunihurumia anaposimulia. Mimi sitajihurumia.

Nilikuja huku kutoka upande wa ziwa nikiwa na sanduku la vyombo na cheti cha misheni. Nilikuwa nimefundishwa useremala, kusoma, na kuandika kwa mwandiko ambao hata Wazungu waliusifu. Nilijiona. Arap Mutai hakuwa na cheti. Alikuwa na shamba linaloshuka mpaka mtoni, na akili ya kuona kwamba wanawake wa kilima kizima wanasaga kwa mawe ya mkono huku maji yanapita bure. Akaniambia, "Fundi, wewe unajua gurudumu, mimi niko na mto." Tukaanza.

Mfereji ulichimbwa na kokwet. Wewe unajua maana yake, lakini nitakukumbusha, maana Nairobi utasahau: ni majirani wa kilima kimoja wanaokaa pamoja kuamua mambo yao, na wakikubaliana jambo hulifanya kwa mikono yao. Walichimba mwezi mzima, wazee kwa vijana, na wanawake wakaleta uji. Hakuna aliyeuliza mfereji huu utakuwa wa nani. Walijua ni wa maji.

Kinu kilisaga, lakini vibaya. Mvua ikinyesha, mto unajaa, jiwe linakimbia, mahindi hayashuki upesi wa kutosha, unga unaungua. Kiangazi jiwe linajikokota, mahindi yanamiminika kupita kiasi, jiwe linakabwa. Ilibidi mtu asimame pale kutwa nzima akitikisa sanduku la mahindi kwa mkono, mara upesi, mara polepole. Miezi mitatu nililifikiria jambo hilo. Kisha siku moja nikachukua kijiti cha mti mgumu, nikakifunga kwenye sanduku, ncha yake nikailaza juu ya jiwe linalozunguka. Jiwe likienda mbio, kijiti kinarukaruka zaidi na mahindi yanashuka zaidi. Jiwe likichoka, kijiti nacho kinatulia. Jiwe likawa linajilisha lenyewe kwa kadiri ya nguvu yake.

Nilipoona unga wa kwanza, laini kama wa dukani, nilifanya jambo la aibu kuliko yote niliyowahi kuyafanya, na nilifanya mengi. Nilichukua gunia nikakifunika kile kijiti. Nikalipigilia misumari pande zote, pasibaki nafasi ya jicho.

Arap Mutai akaja, akalitazama gunia. "Hii nini?"

"Ni siri ya kazi," nikasema. "Wataiba."

"Nani ataiba?"

"Watu."

"Watu gani, fundi? Hawa walichimba mfereji?"

Nikamweleza kwamba katika nchi zilizoendelea mtu akivumbua kitu huandikiwa hati na serikali, na kwamba nitaomba hati hiyo, na kwamba mpaka itakapofika ni lazima kitu kifichwe. Nilisema "nchi zilizoendelea" kwa sauti ile ile ambayo Bwana Mdogo husema "rizavu." Sikuisikia sauti yangu wakati ule. Naisikia sasa.

Wanawake waliongoja zamu zao mle ndani walinicheka. Mmoja aliniita Bwana Gunia, na jina hilo lilinifuata mpaka sokoni. Lakini shemeji wa arap Mutai aliyetoka Boito hakucheka. Yeye na wenzake walikuwa wamejenga kinu kwao, nacho kilikuwa na ugonjwa ule ule. Alitembea siku nzima katika matope ili atazame chetu. Ulikuwa mwaka wa nzige, na mahindi kidogo yaliyobaki yalitakiwa yasagwe vizuri bila kupotea. Alinisalimu kwa heshima, akaniambia, "Fundi, nionyeshe tu mara moja. Sitagusa." Nikamjibu kwamba hati yangu ikifika atapewa masharti. Alikaa kizingitini mpaka mvua ikaisha, akaondoka. Jiwe lao lilikabwa kiangazi kile likapasuka, na wake zao wakarudi kwenye mawe ya mkono, katika mwaka ambao hawakuwa na nguvu za kusagia.

Hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya kijiti changu. Najua kwamba nimekuwa nikijifariji kwa sentensi hiyo miaka yote hii, na ni faraja ya kijinga. Kutokuua si sifa.

Na ile hati? Niliandika ombi kurasa nne, bila kosa moja, nikalipeleka ofisi ya Bwana DC. Karani alisoma mistari miwili akauliza kama nimekuja kulipa kodi. Nikamwambia la, nimekuja kuandikisha uvumbuzi. Akawaita wenzake waje wanitazame. Wakaniambia hati za namna hiyo kwanza hutolewa Ulaya, kisha ndipo zinaletwa kuandikishwa huku, na kwamba njia ni ndefu na inahitaji wakili na michoro. Nilirudi nyumbani nikaanza kuchora. Naam, nilichora miezi sita. Katika miezi hiyo sita sikubuni kitu kingine chochote. Mfereji ulivuja sikuuziba. Gurudumu lilihitaji vikombe vipya sikuvichonga. Wanasema hati humpa mtu moyo wa kuvumbua. Mimi ilinipa moyo wa kukaa juu ya kijiti kimoja kama kuku juu ya yai viza.

Kisha akaja mlowezi mmoja wa upande wa Kedowa, mwenye kinu cha mashine shambani kwake. Wafanyakazi wake walikuwa wameanza kuleta mahindi kwetu. Alishuka farasi, akaingia kinuni, akalivua gunia langu kwa fimbo yake kama mtu anayefunua sufuria, akatazama, akatoa karatasi. Ilikuwa na mhuri wa simba. Akasema namna hii ya kulisha jiwe ni mali yake kwa hati, na tukiendelea tutashtakiwa.

Sasa sikiliza, Hezroni, kwa maana hapa ndipo ninapojidharau kuliko mahali pengine pote. Mimi ndiye niliyejua kusoma. Arap Mutai hakujua. Karatasi ilikuwa mikononi mwangu muda wa kutosha. Nami nilisoma mstari wa juu na ule mhuri, basi. Nilikuwa nimelelewa kuheshimu karatasi kama wengine wanavyoheshimu makaburi. Nikachukua koleo, nikang'oa kijiti changu kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya wanawake wenye vikapu vichwani.

Arap Mutai aliniuliza swali moja tu. "Hiyo karatasi inasaga mahindi?"

"Ni sheria," nikasema.

"Ulipofunika ilikuwa sheria. Ukitoa ni sheria. Wewe, fundi, hii sheria ndiyo mke wako?"

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliondoka siku ile nikaomba kazi ya useremala kwenye kampuni ya chai, na tangu hapo nimekuwa nikitengeneza vitanda vya majani na masanduku ya watu wengine.

Miezi michache baadaye fundi mmoja Kalasinga kutoka Bara Hindi, mzee anayezunguka akichonga upya mistari ya mawe ya vinu, alifika kiwandani kwetu kutengeneza msingi wa mashine. Wakati wa chakula nikamsimulia habari ya kijiti changu nilichonyang'anywa. Nilimsimulia kwa majonzi makubwa. Akaweka chapati yake chini.

"Kijiti gani? Iko lala juu ya jiwe, naruka-ruka?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka kilemba kikasogea. "Fundi Zakayo, hiyo kijiti iko kwa kinu ya babu yangu. Na babu yake. Kila kinu ya mto kule kwetu iko na hiyo. Mimi mtoto nalala kwa hiyo kelele. Nani naandika hati? Babu yangu hapana jua kuandika."

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama ana hakika. Akaniambia amesikia kwamba hata vinu vya kale vya Ulaya vina kijiti hicho hicho. Basi nikaenda nikaitafuta ile karatasi ya mlowezi. Alikuwa ameniachia nakala ili nijifunze adabu. Nikaisoma yote kwa mara ya kwanza. Ilihusu mashine ya chuma ya kusaga chakula cha ng'ombe, yenye springi na skrubu. Kijiti hakikutajwa hata mara moja. Mlowezi yule ama hakuisoma mwenyewe, ama aliisoma akajua kwamba mimi sitaisoma. Sijui lipi ni la kudharauliwa zaidi. Na mimi niliyejiona mvumbuzi, nilikuwa nimefunika kwa gunia kitu ambacho watoto wa nchi nyingine nzima walikuwa wakilala kwa kelele zake.

Nilimwuliza Kalasinga kama yeye haogopi kuwafundisha vijana wa huku kuchonga mawe. Akasema, "Mimi nafundisha, yeye najenga kinu. Kinu mingi, mawe mingi. Mawe mingi, nani naitwa?" Akajigonga kifua, akaendelea kula.

Arap Mutai alipopata habari hiyo alikirudisha kijiti mwenyewe. Hakunihitaji. Nami sikurudi, kwa kuwa kurudi kungetaka niseme neno moja fupi ambalo sikuwa nalo.

Sasa nijibu hoja yako, maana unayo, na si ya kijinga. Jioni ile ulisema, "Baba, wasipoandika jina langu, wataandika lao tu." Ni kweli. Bila hati mwenye nguvu huchukua. Lakini tazama karatasi iliyoko mbele yako: kwa hati pia mwenye nguvu amechukua, tena kwa sahihi yako, na shukrani juu yake. Sijakataa kwamba pengine yuko mtu, mahali fulani, aliyekesha miaka juu ya mashine, na bila hati angekufa na njaa huku matajiri wakiinakili. Kama yuko, namtakia heri. Simwoni katika karatasi hii. Naona Bwana Mdogo, na namwona kijana aliyepewa kalamu ili ajifute.

Na usiniambie kwamba ni sheria, kwa hiyo ina busara. Sheria hiyo hiyo ya nchi yetu haikuruhusu wewe kupanda mche mmoja wa chai nyuma ya nyumba ya wajomba zako. Majani huruhusiwi, ila kitanda cha kuyanyaushia unaruhusiwa kukivumbua, mradi ukitoe. Chai yenyewe ililetwa huku kwa mbegu kutoka ng'ambo ya bahari. Sijasikia kwamba kilima ilikotoka kiliandikiwa barua kuombwa ruhusa. Watu hawa wamekusanya kila kitu kutoka kila mahali, na sasa wamefunga mlango nyuma yao na kuuita mlango huo uvumbuzi.

Nawe usijivune kupita kiasi. Gunia la kunyaushia ulilikuta kiwandani. Mti wa kuzungusha uliuona kisimani pa misheni. Wazo la kuyaangusha majani kwa pamoja ulilipata kwa wale wanawake wanaotandaza majani ghorofani, waliokuwa wakilalamika migongo; ulinisimulia mwenyewe kabla ya Bwana Mdogo kukufundisha kusahau. Ulichofanya wewe ni kuviunganisha. Ni kazi njema, nami najivunia, ingawa sikukuambia. Watu wakikiita kitanda cha Hezroni, nitafurahi. Jina ni kitu kimoja na kufuli ni kitu kingine.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilivuka mto. Sikuwa nimekanyaga kwa arap Mutai tangu siku ya koleo. Alikuwa amekaa nje akichonga mpini. Akaniona, akaniacha nisimame.

"Karibu, Bwana Gunia," akasema. "Leo umekuja kufunika nini?"

"Nimekuja kutazama," nikasema.

"Tazama. Kwetu hakuna misumari."

Mkewe akanionyesha kitanda cha wimbi alichotengeneza kwa kuiga kile chako. Hezroni, ni kizuri kuliko chako. Ameushusha ule mti chini kidogo na kukiinamisha kitanda, hivyo wimbi linateleza lenyewe mpaka kwenye kikapu wala halimwagiki. Na juu ameweka kifuniko cha ngozi kinachovutwa mvua ikija. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akasema, "Mvua." Sasa fikiri: ukitia sahihi, mwanamke yule atakuwa mwizi wa kitu alichokifanya kiwe bora. Na kosa ulilolifanya wewe, la kutokukiinamisha, lingebaki kosa mpaka hati iishe muda wake, maana nani angethubutu kulisahihisha?

Hapo ndipo nilipojibiwa. Mimi kwa gunia langu niliwazuia watu wa Boito mwaka ule wa nzige, nami sikuwa na hati wala mhuri, nilikuwa na misumari tu. Mtu mwenye mhuri atazuia wangapi?

Basi, nimefanya hivi. Nimechukua wino mwekundu, nimeyakata yale maneno ya mwisho ya karatasi kwa mstari ulionyoka, na juu yake nimeandika kwamba kitanda hiki kimejengwa na kinatumika katika nyumba ya Zakayo seremala, na nyumba ya arap Mutai, na ya ndugu yake, na ya jirani yao mjane, na kwamba cha mke wa arap Mutai kinashinda vingine vyote. Kisha nimetia sahihi mahali pa mzazi, jina langu kamili. Wamenitaka nishuhudie, nimeshuhudia. Karatasi iko juu ya nguo zako sandukuni.

Sahihi yangu ni yangu, nami siiweki chini ya uongo. Sahihi yako ni yako. Mahali pako pako wazi. Unaweza kumpa Bwana Mdogo karatasi hiyo kama ilivyo, naye huenda akairarua na barua yako pamoja. Au unaweza kumwambia kwamba baba yako mzee ameiharibu, umwombe karatasi safi, naye atajua jinsi ya kupata sahihi ya mzazi bila mzazi. Watu hawa hawakosi njia. Ukifanya hivyo sitakwenda ofisi yoyote kukupinga. Nitakudharau kidogo, kwa muda, kama ninavyojidharau, na bado utakuwa mwanangu. Shule ile naitaka kwa ajili yako kuliko unavyodhani. Nimeandika sentensi hii polepole ili uamini.

Sitakuja stesheni. Nikisimama pale utautazama uso wangu badala ya kufikiri, na nimewatazamisha watu uso wangu vya kutosha.

Jambo la mwisho ni letu sisi tunaobaki. Nyumba hii ni ya kampuni na kazi hii ni ya kampuni, na Bwana Mdogo akisoma wino wangu, huenda tukafukuzwa kwenye vyote viwili kabla ya mwezi huu kwisha. Kwa hiyo Jumapili ile nilimwomba arap Mutai kipande cha ardhi kando ya mto, pa kujenga nyumba na karakana. Lile neno fupi nililisema kwanza. Alisema tu kwamba mto si wake peke yake, kwamba mimi ni mgeni niliyewafungia wenyeji mlango katika kinu walichokichimbia maji, na kwamba kokwet lazima ikae. Alisema mtu wa Boito ataitwa kuja kusema yake, nami nitakaa nisikilize mpaka amalize. Mama yako anaona watakataa. Siwezi kusema kwamba watakuwa wamekosea.

Watakaa juma lijalo. Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na nitakuandikia yote aliyoyasema yule mtu wa Boito, bila kufunika neno.

Mimi baba yako,
Zakayo